Risala ya Wafanyakazi wa Makumbusho Juu ya Mafua, Mafusho na Bi Mwanakheir

*Imesomwa na Ndugu Shaame Mjaka siku ya kufunguliwa tena Makumbusho ya Sokomuhogo, Mjini Unguja, Disemba 1969*

Mgeni Rasmi wetu, Ndugu uliyepanda ngazi zetu ishirini na mbili bila ya kushika ukuta; viongozi mliofuatana naye; na nyinyi jirani zetu wa Sokomuhogo mliokuja kuhakikisha kama kweli tunafungua: Assalaam aleikum.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana. Tunakuomba radhi kwamba hatukukupa mkono ulipoingia. Tuliweka mkono kifuani tukainama, na tumeona mkono wako umebaki hewani. Si kiburi, Ndugu Mgeni Rasmi. Daktari ametukataza kupeana mikono mlangoni mpaka mafua haya yaishe kabisa, nasi tumeshaapa kumtii.

Utusamehe pia kwa madirisha. Yako wazi yote, na upepo wa kaskazi umeshaipeperusha karatasi ya kwanza mara mbili kabla hujafika. Hatuyafungi. Chini ya dirisha hili la kushoto, barazani, amekaa mwenzetu Bi Mwanakheir Kurwa. Tulimpelekea kadi ya mwaliko Fumba, alikohamishiwa, sawa na uliyopelekewa wewe. Amekuja na buibui lake jipya la Idi, lakini kuingia ndani hataki. Tumembembeleza mpaka tumechoka. Jawabu yake ni moja tu: "Mie n'tasikiliza hapa hapa. Nisije nikakuleteeni tena." Kwa hiyo msomaji wetu atanyanyua sauti, na wewe tafadhali usidhani kwamba anakugombeza.

Risala hii imeandikwa na Bi Kidawa, mkata tikti wetu, sisi wengine tumemzunguka tunabishana naye kila mstari. Atakayeisoma ni Shaame Mjaka, mwongoza wageni, mtu wa kisiwa cha Tumbatu. Mengi yaliyomo yanamhusu yeye, na tumeyaandika kama wenziwe tunavyomjua. Alituomba asome mwengine. Tumekataa katakata. Soma, Shaame, wala usiruke mstari, maana nakala tunayo.

TULIKOTOKA

Nyumba hii ilipewa kazi ya makumbusho mwaka 1965. Vitu vilikusanywa kutoka mjini na mashamba: vinu, vyetezo, mbao za kuandikia za vyuoni, kitanda cha samadari chenye vioo, madema ya kuvulia samaki, tanga kuukuu la ngalawa, na jiwe la kuchonga lililotoka kwenye magofu ya Tumbatu.

Tulikuwa wafanyakazi tisa. Wa mwanzo kuajiriwa ni Bi Mwanakheir wa Ng'ambo, msafishaji. Alianza kazi kabla makabati ya vioo hayajafika, na kwa kuwa hakuwa na kioo cha kupangusa, alipangusa madirisha ya jirani. Mlangoni alikaa Mzee Msabah, bawabu, mtu wa maneno machache na tasbihi ndefu. Hakuna mtoto aliyepita mlango ule bila ya kumpa shikamoo na kuubusu mkono wake. Wakubwa nao wakimbusu. Na mtungi wetu wa maji ulikuwa pale pembeni yake, na kata moja ya kifuu, na kila mwenye kiu akinywea hiyo hiyo. Hatukuona ubaya. Nyumba gani ya Unguja ilikuwa na kata mbili?

MAFANIKIO

Tunajisifu kidogo, Ndugu Mgeni Rasmi, halafu tutakuja kwenye yale yaliyotuleta.

Skuli nyingi za mjini zimeshatutembelea. Watoto wakija hubandika pua kwenye vioo, na walipoondoka Bi Mwanakheir alikuwa akipita na gazeti lake lililoroweshwa siki. Akiziangalia alama za pua alikuwa akisema, "Leo wamekuja wa darasa la pili," na Bi Kidawa akifungua daftari la wageni anakuta kweli, darasa la pili.

Na watu wa Tumbatu wanaokuja mjini kwa shughuli zao wamejenga mtindo wao. Wakimaliza mambo yao sokoni Darajani, hupita kwetu kulitazama jiwe la kwao. Huligusa kwa kiganja, wakajipangusa uso, wakaondoka kimya. Mara moja Shaame alimuuliza bibi mmoja, "Bibi, mbona unaligusa hivyo?" Bibi akamjibu, "Kwani wewe ukimkuta ndugu yako ugenini humpi mkono?" Tangu siku hiyo Shaame akawa anawaeleza wageni wote habari za jiwe lile, na sisi tukajua kazi yake haihitaji msimamizi.

YALIYOTUPATA

Hapa ndipo penye risala yenyewe.

Kipupwe cha mwaka huu kiliingia na mafua yaliyokuwa yakizunguka dunia nzima. Tuliyasikia redioni kama habari za mbali, za watu wa ng'ambo ya bahari. Mara tukaanza kuyasikia Darajani: muuza ndizi anakohoa, mnunuzi anakohoa, na anayepita naye yuko na leso puani. Bi Mwanakheir akatwambia, "Jamani, haya yanakuja. Tusikae tu kama magogo." Akasema Jumatatu tutajifusha.

Kujifusha tunakujua sote toka utotoni. Kila mtu na mamaake, nyumbani kwake, chini ya shuka yake. Kosa letu ni kwamba sisi wa makumbusho tulijiona nyumba moja, tukataka tujifushe pamoja kama watu wa nyumba moja. Jumatatu adhuhuri tulifunga mlango. Bi Mwanakheir alipika uani nyungu kubwa ya udongo: mchaichai, majani ya mlimau, mrehani na mkaratusi. Harufu ilifika mpaka msikitini. Shuka ya kuwafunika watu tisa haikupatikana, ndipo Makungu, seremala wetu, akapanda juu yeye na wenziwe wawili wakaliteremsha lile tanga la ngalawa. Ndiyo, Ndugu Mgeni Rasmi, lile lenye kibao kisemacho USIGUSE. Tukatungika kanga katikati, wanawake upande huu, wanaume upande ule, nyungu baina yetu.

Kabla ya kutufunika Bi Mwanakheir alisimama akauliza. Tunaomba neno hili lisikike vizuri, na ndilo tulilofungulia madirisha. Aliuliza hivi:

"Jamani, yupo mwenye homa? Asione haya. Mwenye homa n'tampikia nyungu yake mbali, ajifushe peke yake."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Nnauliza mara ya pili. Hamna mwenye homa?"

Aliyejibu alikuwa Shaame. Alisema, "Hamna, Bi Mwanakheir. Sote wazima. Tufunike, yanapoa."

Naye Shaame alikuwa na homa tangu alfajiri. Viungo vinamuuma, meno yanamgongana, macho mekundu. Aliijua vizuri sana homa yake. Lakini siku ya pili yake, Jumanne, walikuwa wanakuja watoto wa skuli ya Tumbatu, thelathini na mmoja, kwa mara ya kwanza. Miaka miwili Shaame alimwandikia mwalimu wao barua. Mara chombo hakikupatikana, mara mvua, mara mitihani. Yeye mwenyewe utotoni alicheza kwenye magofu yale, na alipokuwa mkubwa alikuta pahala pa jiwe pana shimo, na jiwe liko mjini ndani ya nyumba ya watu. Hakuwa na haja kubwa duniani kuliko watoto wa kwao kuja kuliona, walitie mkono, wajue kuwa halikupotea. Angelitamka neno homa, Bi Mwanakheir angelimtoa mlangoni mchana ule ule na blangeti mgongoni, na asingelimruhusu kurudi mpaka apone.

Ipo na sababu nyengine, na hii tunaibeba sote. Pale ukumbini tulitundika ubao sisi wenyewe, Makungu ameupiga randa vizuri, na juu tumeandika WAVIVU WA WIKI. Aliyekosa kazi, kwa homa au kwa harusi, jina lake lilipanda ubaoni. Tulikuwa tukicheka tunapoliandika.

Basi tukakaa chini ya tanga, tumebanana bega kwa bega, mvuke unatuingia machoni. Shaame alikuwa ubavuni mwa Mzee Msabah. Akaanza kukohoa. Kila mtu alidhani ni ukali wa mkaratusi. Mzee Msabah akampiga mgongoni kwa upole, akamwambia, "Kohoa mwanangu, kohoa, litoke." Naye akakohoa.

Shaame, usisite hapo. Meza mate, endelea.

Jumanne watoto walikuja. Shaame aliwaongoza vyumba vyote, jasho linamchirizika, na walipofika kwenye jiwe aliwaacha waliguse mmoja mmoja. Mtoto mmoja aliuliza, "Lini litarudi?" Shaame akamwita anayefuata. Alhamisi alianguka ngazini. Alhamisi ile ile Mzee Msabah hakuja kazini, na jina lake likapanda ubaoni, Mungu atusamehe. Wafanyakazi watano tuliugua, na watoto wanne wa Tumbatu, na wote hao wamepona, alhamdulillahi. Mzee Msabah yeye alifariki siku ya nane. Alikuwa na kifua tangu zamani.

Makumbusho yakafungwa. Akatumwa ndugu mmoja wa serikali kuchunguza. Aliuliza, "Nani alipika?" Bi Mwanakheir akasema, "Mimi." Akauliza, "Nani aliyeleta tanga?" Bi Mwanakheir akasema, "Mimi," na Makungu yuko pembeni anatazama ncha za viatu vyake. Hakuuliza nani alikuwa na homa, na sisi hatukumwambia asichokiuliza. Ripoti ikaandikwa kwamba mtu amekufa "kwa ujinga wa mfanyakazi mmoja." Bi Mwanakheir akahamishiwa Fumba, kwenye shamba la miche ya minazi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu wetu alificha maradhi, na kifo kikaenda kwa mwengine, na lawama ikaenda kwa mwengine tena. Nasi tukauona mzigo wa mwenzetu mwepesi, kanda la usufi.

Shaame alituambia kweli siku ya arobaini ya Mzee Msabah, baada ya khitma, sahani hazijaondolewa. Alilia mbele ya watu. Tulimkasirikia, kisha Bi Kidawa akasema maneno yaliyotuzima hasira. Alisema, "Mimi asubuhi ile alinipa funguo. Mkono wake ulikuwa moto kama pasi. Nilijua, na Bi Mwanakheir alipouliza, nilitazama chini." Wawili wengine wakasema nao waliona anavyotetemeka. Basi kosa likawa la nyumba nzima, ila aliyeondolewa nyumbani ni yule aliyeuliza.

Tulikubaliana Shaame aende Fumba akamwambie. Alikwenda kabla ya Ramadhani. Bi Mwanakheir alimpokea kwa furaha, akamkalisha kwenye mkeka, akampa muhogo wa nazi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kifua chako kimepona, mwanangu?"

"Kimepona, Bi Mwanakheir."

"Alhamdulillah. Na vioo vya chumba cha juu nani anavipangusa? Mwambie atumie gazeti. Kitambaa kinaacha nyuzi."

Shaame akamwambia hakuna anayevipangusa, pamefungwa. Bi Mwanakheir akasema, "Mie usiku na mchana nnawaza jambo moja. Nliwauliza. Mara mbili nliwauliza, mkanambia sote wazima. Sasa kama wote walikuwa wazima, maradhi yametoka wapi, ila kwenye nyungu yangu? Nini nilichotia mule, Shaame? Nayahesabu majani yale mpaka yananichanganya." Akasema mchaichai hauingii tena ndani mwake. Wajukuu wake wakiutaka anawaambia umekauka.

Shaame alikuwa na maneno yote mdomoni. Akala muhogo. Akaaga. Alipofika mjini alitwambia, "Nimeshindwa. Amenionea huruma mimi."

Tumefunga Ramadhani nzima na jambo hili kooni. Idi imepita haikuwa Idi.

TUNAVYOJIKINGA SASA

Daktari alituelimisha, nasi tunamshukuru. Alisema mafusho hayakumuua mtu, na mtu ajifushe akipenda kwa pumzi yake mwenyewe. Lililodhuru ni watu tisa kupumuliana chini ya tanga moja na mgonjwa yumo.

Kwa hivyo sasa tunaingiza watu ishirini tu kwa mara moja, na wengine wanangoja barazani. Mlangoni kuna birika, beseni na sabuni, na hapiti mtu hajanawa, hata waziri. Kata ya kifuu tumeiondoa, na mwenye kiu anakuja na gilasi yake. Vioo vinapanguswa kila kundi likitoka. Jiwe la Tumbatu hatukulifungia ndani ya kabati, ingawa tulishauriwa. Anayetaka kuligusa ananawa kabla na ananawa baada, na watu wa Tumbatu wamekubali, wamesema ni udhu wake. Mtoto akimtafuta bawabu ambusu mkono, bawabu mpya anaweka mkono kifuani. Watoto wengine huondoka na huzuni, na bawabu naye pia. Ule ubao wa wavivu Makungu ameupasua kuni.

Tanga limerudi mahala pake. Bado lina harufu ya mkaratusi, na wageni watauliza. Tutawaeleza.

MAOMBI

Risala nyingi huomba gari. Sisi tuna maombi madogo.

Kwanza, tunaomba mfanyakazi wa makumbusho mwenye homa aruhusiwe kukaa nyumbani, na siku zake zihesabiwe kuwa ni za kazi, maana kukaa kwake ndio kuwalinda wageni.

Pili, tunaomba bomba la maji lifike mlangoni. Sasa tunachota kwa jirani, na jirani anaanza kununa.

Tatu, watoto wa Tumbatu waletwe tena, kwa afya, na mwongozaji mzima. Kama mwongozaji huyo hatakuwa Shaame, awe mwengine anayelijua jiwe. Shaame hakututuma tumuombee. Amesema adhabu yoyote ataipokea. Sisi tunamuombea kidogo hivyo hivyo, kwa kuwa sisi nasi tulitazama chini.

Nne, Ndugu Mgeni Rasmi, ripoti ile haikuandikwa na wewe, ulikuwa hujashika kazi hii. Lakini iko kwenye faili lako. Tunakuomba uifungue, ulikate neno "ujinga," na pahala pake uandike kwamba Bi Mwanakheir Kurwa aliuliza mara mbili na akaambiwa uwongo. Kisha umrudishe kwetu. Vioo vya chumba cha juu tumevipangusa wenyewe kwa ajili ya leo, kwa gazeti na siki kama alivyoagiza, na bado si kama vyake. Nyumba imefunguliwa, lakini asubuhi tukifika tunakuta kimya, hakuna wa kutuuliza tumekula nini wala nani amelala vibaya. Tumemkosa sana.

KUAGA

Shaame, hapa weka karatasi chini. Yaliyobaki atayasoma Bi Kidawa. Wewe nenda pale dirishani umwambie kwa ulimi wako, kwa jina lako, bila ya "sisi." Umwambie wote hawakuwa wazima. Mgeni Rasmi atakungoja, na akichoka tutamletea kiti.

*(Inaendelea kusomwa na Bi Kidawa.)*

Ndugu Mgeni Rasmi, usigeuke kutazama, mwache aseme. Wakati yeye anasema, sisi tunakuombea dua: Mwenyezi Mungu akupe afya ya kifua na wepesi wa kazi, awahifadhi watu wako na maradhi ya wazi na ya kufichwa, na amrehemu Mzee Msabah, aliyempiga mgongo, ili apumue, mtu aliyemuambukiza.

Ukitoka utampita Bi Mwanakheir barazani. Tunakuomba, kabla hujapanda gari, usimame umwambie kwa kinywa chako kwamba nyungu yake haikuwa na kosa. Sisi tukimwambia atadhani tunampoza. Wewe atakuamini. Na akikunyooshea mkono kwa kusahau, ewe Ndugu yetu, siku ya leo upokee. Maji na sabuni tutakuletea pale pale.

Ni sisi, Wafanyakazi wa Makumbusho ya Sokomuhogo: saba tuliosimama humu ndani, bawabu mpya aliye mlangoni, pamoja na Bi Mwanakheir Kurwa, aliye nje.